Mafunzo ya tabianchi yamfuate mtumishi wa kata, na yakae naye msimu mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniwasha tangu nilipostaafu. Nilikuwa bwana shamba. Kwenye barua ya ajira waliandika afisa ugani, ila vijijini niliitwa bwana shamba mpaka siku ya mwisho, na hata leo watoto wa hapa mtaani wananiita hivyo. Nilisoma Chuo cha Kilimo Ilonga, nikaanzia kazi Kondoa, nikahamishiwa Kongwa, nikamalizia Mpwapwa, ambako nimejenga na ninalima ekari zangu chache za mtama na karanga.

Mara kwa mara nasikia kwenye taarifa ya habari kwamba watumishi wa umma wamejengewa uwezo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nikitazama picha naona wakuu wa idara, waratibu na maofisa mipango wamekaa ukumbini, chupa za maji mezani. Sisemi wasifundishwe, maana wao ndio wanaoandika bajeti. Lakini mvua haiwakuti wao kwanza. Inamkuta mtendaji wa kijiji, bwana shamba, fundi wa maji, muuguzi wa zahanati, mwalimu ambaye shule yake iko ukingoni mwa korongo. Hao ndio wanaoulizwa na wananchi, saa ileile mambo yanapoharibika, "Sasa tufanyeje?" Na hao ndio wanaofikiwa na mafunzo mwisho kabisa, wengine wasifikiwe milele.

Nieleze ugumu wa kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni suala la kumpa mtumishi kipeperushi.

Mikoa yetu ya kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili, tofauti na wenzetu wa pwani na kaskazini wenye vuli na masika. Kabla msimu haujaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wake: mvua zinatarajiwa kuanza lini, kuisha lini, na kama zitakuwa za wastani, chini ya wastani au juu ya wastani. Redio inatangaza, watu wanasikia. Kesho yake mama mmoja anakusimamisha njiani: "Bwana shamba, wamesema mvua ya wastani kwenda chini. Sasa mwanangu, nipande mahindi au nirudi kwenye uwele?"

Kumjibu mama huyo kunataka ujuzi mwingi. Kwanza ujue kwamba wastani huo umepigwa kutokana na mvua za miaka 30, na kwamba utabiri unaonyesha upande wenye uwezekano mkubwa zaidi, hautoi ahadi. Ujue pia kwamba Dodoma tunapata takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na kwamba jumla hiyo inaweza kutimia kabisa na watu wakalala njaa, kwa sababu ilinyesha yote Desemba na Machi, huku Februari ikikauka wiki tatu mfululizo mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mtama ukibanwa na ukavu hukunja majani ukasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua, mavuno yamekwenda.

Hapo bado hujafika shambani kwake. Udongo wake ni kichanga cha mlimani au mfinyanzi wa mbugani? Mbegu aliyonayo ndani ni Macia, inayokomaa mapema, au mtama wa kienyeji mrefu unaokaa shambani miezi mingi? Ana mikono mingapi ya kupalilia? Na nani atafukuza ndege? Mtama mweupe ni chakula cha kweleakwelea, na mama wa umri ule hawezi kushinda juani na kombeo tangu alfajiri hadi jioni. Ukimwambia apande mtama bila kuuliza habari ya ndege, umemshauri kwa kitabu, na mwakani hatakusimamisha tena njiani.

Nimehudhuria semina za tabianchi za kutosha kusema hazimwandai mtumishi kwa swali la mama yule. Katika mojawapo, iliyoandaliwa na ofisi ambayo sitaitaja, mwezeshaji alitumia asubuhi nzima kutueleza gesijoto, Itifaki ya Kyoto na Mkataba wa Paris wa 2015. Maandishi yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza. Alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, na aliyosema yote yalikuwa kweli. Mchana tukagawanywa vikundi, tukaandika changamoto na mapendekezo kwenye makaratasi makubwa, tukapiga picha ya pamoja, tukasaini posho. Kabla hatujatawanyika, bwana shamba mmoja alinyoosha mkono akauliza: kwenye kata yangu hakuna kipimamvua, nitajuaje kama mvua ya juzi inatosha kupandia? Akaambiwa swali lake litaingizwa kwenye taarifa. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Lile ndilo swali lililostahili kula siku zote mbili za semina.

Sisi wa umri huu tunajua kwamba haikuwa hivi siku zote.

Nilipofika Kondoa nikiwa kijana, niliwakuta watu wa HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Milima ile ya Warangi ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uamuzi ule uliwaumiza watu. Ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima ya mtu, na wenye ng'ombe waliamriwa, hawakuulizwa. Hilo nalisema wazi kwa sababu somo lake bado linatuhusu: mtaalamu asiyejua kuzungumza na wananchi hufanya jambo sahihi kwa njia inayoacha kinyongo cha vizazi. Lakini watumishi wa HADO waliishi palepale. Walijua kila korongo na koo zinazopakana nalo. Afisa alipanda majani kwenye tuta mwaka huu, na mwakani alikuwepo kuona kama yameshika au yamesombwa. Kupima kontua, yaani mstari wa mwinuko mmoja unaozuia maji yasishuke kwa kasi, kwa kamba na pimamaji sikujifunzia Ilonga. Nilijifunza kwa mzee mmoja wa HADO aliyenirudisha mara tatu kwenye mstari uleule mpaka nikaupata.

Baadaye, kuanzia mwaka 1989, ukaja mradi wa taifa wa ugani uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na mfumo tuliouita mafunzo na ziara. Vijana wa sasa hawaujui, kwa hiyo niueleze kidogo. Kila wiki mbili mabwana shamba tulikutana na mtaalamu wa mada. Alitufundisha jambo la wiki mbili zinazokuja, basi. Kama ni wakati wa kupalilia, tulifundishwa kupalilia. Kama viwavi wameonekana, tulifundishwa viwavi. Tuliondoka pale tukaenda kulifanya na wakulima shambani, na wiki mbili zikiisha tulirudi na maswali tuliyoshindwa. Mtaalamu akishindwa naye, aliyapeleka kwa watafiti.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa. Ulikuwa ghali, uliegemea fedha za nje, na ujumbe ulitoka juu ukiwa umeshaiva, mkulima wa Kibakwe na mkulima wa Kongwa wakapewa maneno mamoja. Mradi ulipokwisha, nao ukafa. Mwishoni mwa miaka ya 90 ugani ukahamishiwa halmashauri, kila moja ikajipangia kadiri ya mfuko wake. Siombi mfumo ule urudishwe. Ninachokililia ni ile kawaida ya kukutana na kurudi: kujifunza jambo dogo kwa wakati wake, kulifanya, kurudi na matokeo mbele ya mtu anayejua zaidi yako, na kurudia hivyo mpaka msimu uishe. Ujuzi wangu wote wa maana niliupata kwa njia hiyo. Na mabadiliko ya tabianchi yanaidai njia hiyo kuliko kilimo cha zamani kilivyoidai, kwa sababu sasa msimu mmoja haufanani na mwenzake. Kalenda niliyofundishwa chuoni, ya kupanda tarehe fulani na kupalilia tarehe fulani, haimsaidii tena mtu yeyote hapa Dodoma.

Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani hapa Dodoma. Nilifurahi sana, mimi niliyezunguka kwa baiskeli na kwa miguu. Pikipiki ile inamfikisha kijana mpaka kitongoji cha mwisho. Sasa akishafika, lazima awe na la kumwambia mama mwenye swali la uwele.

Nihame kidogo kwenye kilimo, maana jambo hili ni la idara zote. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Miezi michache baadaye Rufiji na Kibiti zikawa chini ya maji, na Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule wa El Nino yalikuwa yameua watu 155 nchini. Mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kikapiga pwani, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga. Hidaya kilitangazwa na TMA kabla hakijafika, na vivuko vya kwenda Zanzibar vikasimamishwa. Kwa hiyo watu wa kutabiri tunao, na wanafanya kazi ambayo zamani tungeiona miujiza. Siku hizi wanatoa hata tahadhari za siku tano kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu.

Lakini rangi ya chungwa inafunika mkoa mzima. Haisemi ni nyumba zipi saba za kitongoji kipi ziko njiani mwa maji. Hilo analijua, au anapaswa kulijua, mtendaji wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na hilo ni jambo jema. Kwa vitendo mzigo wa kamati hiyo unamwangukia mtendaji, mtu yuleyule anayekusanya ushuru, anayefuatilia watoto watoro na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Nani amewahi kutembea naye kijijini akamwonyesha maji yanapita wapi?

Hapa Mpwapwa mto Kinyasungwe unapita Gulwe na Godegode kuelekea Kidete na Kilosa, ukibeba udongo wa milima yetu. Reli ya kati imesombwa kwenye kipande hicho mara nyingi kiasi kwamba watu wa Gulwe wameshazoea kuona mafundi wa reli. Ukikaa na wazee wa huko watakuonyesha maji ya El Nino ya 1997/98 yalifika kwenye mti gani. Mtendaji aliyehamia juzi kutoka mkoa mwingine hajui, na ofisini kwake hakuna karatasi iliyoandikwa habari hiyo ikimsubiri. Kumfundisha mtendaji wa Gulwe maana yake ni kumtembeza na wazee hao siku moja, kuchora ramani ya mkono, kuandika majina ya kaya zilizo mabondeni na namba za simu za majirani zao wa mwinuko, na kukubaliana nani atapiga filimbi usiku. Kazi hiyo haihitaji profesa. Inahitaji mtu wa wilaya aliyejifunza kuiongoza, na siku ya kuifanya kabla ya Novemba.

Kuna jambo jingine linalotupotezea ujuzi na sioni likizungumzwa: uhamisho. Nilifanya kazi na kijana mmoja hodari kweli. Alijitengenezea kipimamvua, akaandika mvua kila siku, akaandika nani kapanda nini na lini na kavuna magunia mangapi. Baada ya misimu minne alikuwa anajua kata ile kuliko mimi. Siku alipohamishwa alikabidhi ofisi kwa taratibu zote: meza, viti, kabati, muhuri. Daftari lilikuwa lake binafsi, akaondoka nalo. Aliyekuja baada yake alianza upya kabisa. Siwezi kumlaumu kijana, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba alichoandika ni mali ya umma. Lakini hebu tufikiri ni madaftari mangapi ya namna hiyo yamelala kwenye masanduku ya watumishi nchi nzima.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki. Kila kata iwe na daftari la msimu, la ofisi, lenye namba, linaloorodheshwa kwenye hati ya makabidhiano pamoja na muhuri. Ndani yake iandikwe mvua ya kila siku, tarehe watu walipopanda, siku za ukavu, wadudu waliotokea, visima vilivyokauka na lini, njia za maji, wagonjwa wa kuhara walivyoongezeka baada ya mafuriko. Mvua yenyewe ipimwe shuleni. Kipimamvua cha kawaida si kifaa cha kutisha. Kinasomwa saa 3 asubuhi kila siku, milimita moja ni sawa na lita moja kwenye mita moja ya mraba, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukisoma bila kukosea akisimamiwa na mwalimu. Mvua ya kwanza ikifika milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili tatu, bwana shamba ana mahali pa kuanzia kumjibu yule aliyemuuliza kama apande. Bila kipimo hicho tunakisia tu, na mkulima hahitaji kumlipa mshahara mtu wa kukisia, anaweza mwenyewe.

Kisha, kuanzia Novemba hadi Aprili, kila wiki mbili, nusu siku, watumishi wa kata wakutane kwenye ofisi ya kata: mtendaji, bwana shamba, bwana mifugo, mwalimu mwenye kipimamvua, muuguzi, mtu wa chombo cha watumia maji, na wakulima wawili watatu, angalau mmoja mwanamke. Wasome kilichomo kwenye daftari. Wasome taarifa ya siku kumi ya TMA. Waamue wiki mbili zinazokuja watawaambia nini wananchi, kwa maneno mamoja, ili muuguzi asiseme hili na mtendaji lile. Mara moja kwa mwezi awepo mtu anayejua zaidi, kutoka wilayani, au vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) vya Hombolo na Makutupora, au kituo cha utafiti wa mifugo hapa Mpwapwa. Asipoweza kufika, apigiwe simu yenye spika. Na Mei, mvua zikiisha, wakutane mara ya mwisho waweke utabiri wa Oktoba upande huu na mvua iliyonyesha upande ule. Kikao hicho cha mwisho ndicho ningekipenda kuliko vyote. Watu huacha kuuamini utabiri kwa sababu hawajawahi kukaa chini wakauhesabia uliposema kweli na ulipokosea. Mtumishi aliyefanya hesabu hiyo misimu mitatu anazungumza na wakulima kwa ujasiri mwingine.

Wakulima wasiitwe kwenye vikao hivyo kama wasikilizaji. Mashimo ya Chololo, ambayo leo yanafundishwa hata nje ya Dodoma, yalibuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo: vishimo vidogo vyenye kina cha kama sentimita 30, vinavyokusanya maji ya mvua na kuyaweka kwenye mzizi. Watumishi na watafiti walichofanya ni kuyaona, kuyapima na kuyasambaza. Huo nao ni ujuzi, wa kutambua kitu kizuri mtu anapokuonyesha, na nimewaona wasomi wengi wasiokuwa nao.

Vyuo navyo vihusike. Pale Hombolo kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachowaandaa watumishi wa halmashauri zetu. Hombolo hiyohiyo kuna kituo cha utafiti cha TARI kilichofanya kazi ya mtama na uwele kwa miaka mingi, na kuna bwawa la mwaka 1957 linalojaa mchanga mbele ya macho ya kila mtu. Sehemu zote tatu ziko jirani. Mwanafunzi wa utawala asimalize chuo kile bila kukaa wiki kadhaa kituoni na bwawani, aone udongo unavyosafiri, asome kipimamvua, aandike mpango wa tahadhari wa kijiji kimoja cha kweli. Chuo cha Utumishi wa Umma kingeweza kuweka jambo hilohilo kwenye mafunzo ya waajiriwa wapya. Na Chuo cha Hali ya Hewa kilichoko Kigoma kingefaa kupokea mabwana shamba wa kozi fupi, wasiishie kukijua kwa kukisikia redioni.

Kuhusu wahandisi sitasema sana, si fani yangu. Ila kalavati lililopimwa kwa mvua za miaka ya nyuma likizolewa kila mwaka wa mvua kubwa, mtu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wilayani anahitaji takwimu za kata kama anavyohitaji saruji. Fundi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, anahitaji kujua kisima kipi hukauka Septemba. Daftari la kata lingewapa wote.

Najua nitaambiwa hakuna fungu. Nusu siku ya kikao cha kata inataka chai, mafuta ya pikipiki na vocha ya simu. Naamini gharama ya semina moja ya hotelini, pamoja na vyumba na nauli, ingeziendesha kata kadhaa msimu mzima. Fedha za tabianchi nazo zimeanza kushuka: wilaya za Chamwino, Kondoa na Mpwapwa zimekuwemo kwenye mpango wa LoCAL, unaopitisha fedha hizo halmashauri kwa msaada wa UNCDF, mfuko wa mitaji ya maendeleo wa Umoja wa Mataifa. Fedha za namna hiyo zinamtaka mtu wa kata anayeweza kueleza, kwa takwimu, kwa nini bwawa liwe hapa na si pale. Asipokuwepo, mradi wa kawaida utabandikwa jina la tabianchi na maji yataendelea kupita yanapopita.

Nitaambiwa pia watumishi ni wachache, bwana shamba mmoja ana vijiji vitano. Kweli. Ndiyo maana nasema wakutane watumishi wote wa kata, wagawane kazi, na wakulima wawemo. Na wapimwe kwa kazi hiyo. Wenzangu walio kazini wananiambia utendaji siku hizi unajazwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima kazi ya mtumishi, si OPRAS yetu ya karatasi. Lengo likiandikwa "kutembelea wakulima 40", kijana atawatembelea 40 na atapata alama zake. Liandikwe: daftari limejazwa kila siku, vikao vya msimu vimefanyika, ramani ya mabonde ipo na kaya zilizomo zinajua pa kukimbilia. Mtu akifanya hivyo apande daraja kwa hilo, sawasawa na aliyepata cheti.

Ombi langu kwa TAMISEMI, na kwa wakurugenzi wa halmashauri zote za kanda ya kati, ni kwamba bajeti inayokuja itenge fungu la vikao vya kata, dogo namna gani, lakini liwe na kifungu chake lenyewe, lisichotwe na shughuli nyingine ifikapo Januari. Waanze na kata tatu kila wilaya. Wasisubiri mfadhili. Vipimamvua vifike shuleni kabla ya mwisho wa Oktoba, walimu wapate muda wa kuvisimika mbali na miti na mapaa.

Na sisi wastaafu tupo. Mabwana shamba wa zamani, watu wa HADO waliobaki, mafundi wa maji wa miaka ya 80, wengi tunaishi humuhumu vijijini tulikofanya kazi. Tunajua makorongo yalikuwa wapi na yamehamia wapi. Mtendaji akituita kwenye kikao chake tutakwenda, nauli tutajitegemea.

Bwana shamba mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma.